SIKU KUMI

Mahubiri ya redio, saa ya jamaa, Kamatanda

Kusoma: 2 Samweli 14:1-11, Matendo 25:6-12, Kumbukumbu la Torati 19:15-20

 

Wapendwa ndugu na dada, baba na mama, vijana munaosikiliza kwa telefone huku munapumzika kando ya mashimo, mama munaouza makala na unga kwenye njia, wagonjwa mulio kitandani, na ninyi wafungwa wa Buluo ambao sauti hii inawafikia: ninawasalimu katika jina lenye kupita majina yote.

Leo sitahubiri juu ya baraka ya kazi. Neno la leo ni zito, na ninaomba munivumilie. Wiki iliyopita watu watatu walikuja kwangu, kila mutu kwa saa yake, na wote watatu walikuwa na swali moja. Wa kwanza ni kaka wa mwanamuke aliye gerezani. Wa pili ni mama ambaye binti yake alikufa ndani ya nyumba ya ndoa. Wa tatu ni shemasi wetu, mutu wa kupenda sheria za Mungu. Swali lao ni hili: mutu akihukumiwa kwamba ameua mwenzake wa nyumba, je, Mukristo anaweza kumusaidia kukata rufani, ao kama tunavyosema mu kartie, kufanya apeli? Hiyo si kusimama upande wa muuaji?

Niliwaambia wote watatu: musikilize redio siku ya Pili. Basi, tuingie katika Neno.

KWANZA: BIBLIA INAJUA NYUMBA YENYE DAMU

Damu ya kwanza iliyomwangika duniani haikumwangwa na munyanganyi wa njiani. Ilimwangwa na ndugu, katika shamba la jamaa. Mungu hakunyamaza, lakini tazama: mbele ya kumupa Kaini azabu, alimuuliza. Yeye anayejua yote aliuliza, akangoja jibu. Na kisha hukumu, Kaini alipolia kwamba azabu inamushinda, Mungu alimusikiliza, akamutia alama ili asiuawe ovyo. Kaini hakusemwa kuwa bila hatia. Lakini kilio chake kisha hukumu kilipata sikio.

Sasa twende Tekoa. Mwanamuke mumoja alikuja mbele ya mufalme Daudi, amevaa nguo za kilio. Akasema yeye ni mujane mwenye watoto wawili wanaume. Siku moja walipigana shambani, na hapakuwa mutu wa kuwaamua. Mumoja akamupiga mwenzake, akafa. Jamaa yote ikasimama: mutoe huyu muuaji, na yeye afe. Yule mama akamuambia mufalme kwamba watu hawa wanataka kuzima kaa lake la mwisho.

Sisi watu wa makala tunaelewa neno hilo kuliko watu wengi. Mama anaamuka asubui, anachochea majivu ndani ya mbabula, anatafuta kaa moja tu lenye uzima ili apike. Ukilimwangia maji lile kaa, nyumba nzima italala njaa. Mufalme alisikia, akatoa neno la kumulinda kijana.

Lakini nisiwafiche kitu. Hadisi ile Yoabu ndiye aliiweka katika kinywa cha mwanamuke. Ilikuwa njia ya kumurudisha Absalomu, ambaye kweli alimuua kaka yake Amnoni. Na mwisho ulikuwa namna gani? Absalomu alirudi Yerusalema. Hakuhukumiwa, hakutubu, hakusamehewa. Alikaa miaka miwili pasipo kuona uso wa baba yake. Kisha akafanya uasi, na watu wengi wakafa. Kwa hiyo mushike mambo mawili kutoka sura hii. Kilio cha mutu aliyehukumiwa kinastahili kusikilizwa. Na rehema inayoruka ukweli haiponyeshi jamaa. Inaahirisha damu tu.

PILI: PAULO ALIKATA RUFANI

Ndugu wengine wananiambia: Muchungaji, mutu wa imani anapiga magoti, hakimbii kwa avoka. Ninawapeleka kwa Matendo 25. Paulo amefungwa miaka miwili Kaisaria. Festo anataka kuwafurahisha washitaki, anamuuliza kama atakubali kwenda kuhukumiwa Yerusalema, pale ambapo watu wamemuwekea mutego njiani. Paulo anajibu kwamba kama amefanya neno la kustahili kifo, hakatai kufa. Lakini kama mashitaki ni ya bure, hakuna mutu mwenye haki ya kumutoa kama zawadi. Anakata rufani kwa Kaisari.

Ona vizuri. Kwanza, hakuwa anakimbia ukweli. Alisema wazi: kama nimekosa, nitabeba. Rufani ya Mukristo inaanza pale. Pili, alitumia njia ambayo sheria ya serikali ilimupa, na hakuona haya. Tatu, na hii ndiyo ninataka iingie katika mifupa yenu: Bwana Yesu alikuwa amekwisha kumutokea usiku, katika sura ya 23, akamuambia kwamba atamushuhudia na Roma vilevile. Ahadi ilikuwa imetoka mbinguni. Na ahadi ile ilimufikisha Roma kwa njia gani? Kwa njia ya rufani. Maombi na karatasi ya rufani havikupigana. Mungu alitembea ndani ya karatasi.

TATU: KOSA LANGU MIMI MWENYEWE

Sasa ninafungua jambo ambalo sijalisema kwenye redio hata siku moja.

Miaka mingi imepita. Nilikuwa muchungaji kijana, si hapa Kamatanda, katika muji mwingine. Mama mumoja wa kanisa alikuja kwangu usiku, amefunga karatasi ndani ya kitambaa. Mutoto wake mwanaume alikuwa amehukumiwa kwa kifo cha muke wake. Ilikuwa siku ya tatu kisha hukumu. Mama aliniuliza: "Baba Muchungaji, tufanye nini?"

Nilikuwa na moto mwingi na hekima kidogo. Nikamuambia: "Mama, tusikimbilie kwa wanadamu. Tufunge siku 21. Mungu aliyemutoa Petro gerezani hajabadilika." Tukafunga kweli. Tulilia, tulikesha, jasho lilitoka. Siku ya 22, kwa sababu kulikuwa bado kimya, tulienda kumuona avoka. Akafungua ile karatasi. Akasoma tarehe. Akahesabu kwa vidole mara mbili. Kisha akaniangalia mimi, hakumuangalia mama, akasema: "Muchungaji, zilikuwa siku kumi."

Mupaka leo sijui kama kijana yule aliua ao hakuua. Hilo ndilo linaniuma. Hakuna muhukumu wa pili aliyeangalia. Kama aliua, jamaa ya yule binti marehemu haikupata kusikia ukweli ukihakikishwa. Kama hakuua, basi mimi, mutumishi wa Mungu, ndimi nilifunga mulango kwa mukono wangu, na nikaita kile kitendo imani. Mama yule hakunilaumu hata siku moja. Aliendelea kubeba bukari na sombe gerezani kila Siku ya Mungu kisha ibada, akanisalimia kwa heshima mulangoni. Heshima yake ndiyo ilikuwa fimbo yangu.

Kufunga hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kumuzuia mama kwenda kwenye grefe siku ileile, halafu tufunge.

INE: SHERIA YA KWETU INASEMA NINI

Basi musikie, na mwenye kalamu aandike. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 21, inasema kila hukumu iandikwe, itolewe sababu zake, itangazwe mbele ya watu, na kwamba kila mutu ana haki ya kuipinga kwa njia ya sheria. Kifungu cha 17 kinasema mutu anahesabiwa kuwa hana hatia mupaka hukumu ya mwisho. Kifungu cha 19 kinampa haki ya kutetewa.

Mashitaki ya kuua hayahukumiwi na tribinali ya amani. Yanaenda kwa tribinali kubwa. Hapa kwetu ni ile ya Likasi, na rufani inaenda kwa korti ya apeli kule Lubumbashi. Siku za kukata rufani ni 10. Kama mushitakiwa alikuwa mbele ya tribinali, zinahesabiwa tangu hukumu ilipotangazwa. Kama hakuwa pale, zinahesabiwa tangu alipopewa karatasi yake rasmi. Rufani inaandikishwa kwenye grefe, kwa barua ao kwa kinywa. Na parke nayo inaweza kukata rufani, kwa hiyo musifikiri rufani inaweza tu kushusha azabu.

Na korti ya rufani inaangalia nini? Kwanza, je, ni kweli mutu huyu ndiye alifanya? Pili, kama ndiye, nia yake ilikuwa nini? Sheria yetu inatenga mambo haya. Mutu aliyekusudia kuua, ao aliyepanga mbele, anaweza kupata hukumu ya kifo. Mutu aliyepiga, na mapigo yakaleta kifo pasipo nia ya kuua, sheria inamupa miaka 5 mupaka 20. Musa aliandika jambo hilohilo zamani, katika Hesabu 35: kuna yule mwenye chuki anayengoja njiani, na kuna yule ambaye mukono wake ulifanya jambo ambalo moyo wake haukulipanga. Wote wawili wana marehemu mbele yao. Lakini Mungu hakuwaweka kwenye mizani moja.

Jambo hili limekuwa zito zaidi siku hizi. Tangu mwaka 2003 hukumu za kifo zilitangazwa katika nchi yetu lakini hazikutimizwa. Mwezi wa 3 mwaka 2024 Serikali iliondoa kile kizuizi. Kwa hiyo mutu asiseme, "Hukumu ya kifo ni maneno ya karatasi tu." Siku kumi ni siku kumi.

TANO: MWANAMUKE WA LUZIRA

Nitawaambia habari ya jirani zetu wa Uganda. Usiku wa tarehe 9 mwezi wa 7 mwaka 2000, mwanaume mumoja aliuawa nyumbani kwake, Kampala, kwa kukatwa. Muke wake kijana, Susan Kigula, alikamatwa pamoja na musichana wa kazi za nyumba. Mutoto mudogo wa yule marehemu alikuwa ndani ya nyumba usiku ule, na ushuhuda wake ulikuwa na uzito mbele ya korti. Mwaka 2002 wote wawili walihukumiwa kufa. Susan aliacha nje binti yake ambaye alikuwa bado mutoto muchanga wakati wa kukamatwa. Alipelekwa gereza la Luzira, upande wa waliongoja kamba. Yeye mwenyewe alisema sikuzote kwamba hakuua.

Wakati ule sheria ya Uganda ilimufunga muhukumu mikono: ukionekana na hatia ya kuua, azabu ni moja tu, kifo. Muhukumu hakuweza kuuliza: ni kosa la kwanza? alikuwa na miaka mingapi? kitu gani kilitangulia? Basi Susan Kigula na wenzake 416 waliohukumiwa kufa walipeleka kilio chao kwa Korti ya Katiba. Tarehe 10 mwezi wa 6 mwaka 2005 korti ile iliwasikia. Serikali ikakata rufani. Tarehe 21 mwezi wa 1 mwaka 2009 Korti ya Juu kabisa ikatoa neno la mwisho. Ilisema hukumu ya kifo yenyewe inabaki katika sheria. Lakini kumulazimisha muhukumu kuitoa kwa kila mutu, pasipo kusikiliza habari yake, ni kinyume cha Katiba. Tena ilisema mutu akikaa zaidi ya miaka 3 akingoja kuuawa kisha korti ya mwisho kuhakikisha hukumu yake, ile azabu inageuka kifungo cha maisha.

Wapendwa, mufahamu kilichotokea na kisichotokea. Susan hakutangazwa kwamba hana hatia. Hukumu ya hatia haikufutwa. Kilichobadilika ni kwamba muhukumu alipewa nafasi ya kumuangalia kama mutu. Mwaka 2011 korti ilimusikiliza upya juu ya azabu, ikampa miaka 20. Ndani ya gereza alijifunza sheria kwa njia ya mbali na Chuo Kikuu cha London, mupaka akapata digrii. Mwezi wa 1 mwaka 2016 akatoka. Na waliofaidika na rufani ile hawakuwa mutu mumoja. Mamia ya watu waliokuwa wanangoja kamba walipata kusikilizwa upya ao kubadilishiwa azabu, na kati yao walikuwamo wanaume ambao hakuna redio iliwahi kutaja majina yao.

Na marehemu? Shemasi wetu ataniuliza hivyo, na ana haki. Marehemu hakurudi. Mutoto wake alikua pasipo baba. Kwa hiyo tukisimulia habari ya Susan kama sinema yenye mwisho muzuri, tunakosa heshima. Ni habari ya nyumba iliyovunjika ambamo sheria ilijifunza kusikiliza.

Kuna na habari nyingine, ya Kenya, ninaipitia mbio. Musichana mumoja, Ruth Kamande, alihukumiwa kufa mwaka 2018 kwa kumuua mupenzi wake kwa kisu. Alikata rufani, ikakataliwa mwaka 2020. Akaenda mupaka Korti ya Juu, na watetezi wakaleta jambo la wanawake wanaoteswa muda murefu na wenzao. Mwaka 2025 korti ile ilimukatalia vilevile. Lakini haikusema mateso ya nyumbani ni neno la bure. Ilionyesha kwamba jambo kama lile linapaswa kuletwa na ushahidi wake tangu korti ya kwanza. Somo letu ni hili: sema ukweli wote mapema. Mwanamuke aliyepigwa miaka, akaficha kwa haya, akaficha kwa polisi, akaficha kwa muhukumu wa kwanza kwa sababu jamaa ilimuambia "usiaibishe nyumba", huyo anapofika kwa rufani anakuta mulango mwembamba sana.

SITA: MAMBO AMBAYO RUFANI SI

Rufani si kununua muhukumu. Ukibeba bahasha, umeacha njia ya Paulo, umeingia njia ya Feliksi, ambaye Biblia inasema alimuita Paulo mara kwa mara akitumaini kupewa feza.

Rufani si kufundisha mashahidi uongo. Kumbukumbu la Torati 19 inadai mashahidi wawili ao watatu, na inasema shahidi wa uongo apate ile azabu aliyotaka mwenzake apate. Neno hilo linakata pande mbili: kwa anayedanganya ili mutu afungwe, na kwa anayedanganya ili mutu atoke.

Na hapa ninasema na sisi Wapentekoste, kwa upendo, lakini kwa nguvu. Maono si ushahidi. Mutu akifa ghafula mu nyumba, kabla maiti haijazikwa, nabii mumoja anasimama pa kilio na kusema: "Nimeonyeshwa, ni muke wake, ni mukwe wake, ni mutoto huyu ndoki." Watu wanasimama na mawe. Ndugu yangu, kama Mungu amekuonyesha, piga magoti na umuombee. Usinyooshe kidole. Roho Mutakatifu aliyeongoza Musa kuandika sheria ya mashahidi wawili hatajipinga mwenyewe pa kilio cha Kamatanda. Kuna watu walioko ndani leo kwa sababu uvumi wa kilio ulifika mbele ya ukweli.

SABA: KANISA LIFANYE NINI

Jamaa ya kanisa ikipatwa na jambo hili, mufanye hivi.

Siku ya hukumu, muandike tarehe kwenye ukuta, na muhesabu siku kumi. Mutu mumoja mwenye utulivu aende kwenye grefe mapema, asingoje siku ya tisa. Kama hakuna feza ya avoka, muulize kwenye baro juu ya ofisi ya mashauri ya bure. Ipo kwa ajili ya maskini. Mukusanye ukweli: nani alikuwa pale, nani alisikia, karatasi ya hospitali iko wapi. Mutembelee mufungwa na chakula, kwa sababu Bwana alisema tulipomutembelea mufungwa tulimutembelea yeye, na hakuweka sharti kwamba awe mufungwa asiye na kosa. Kisha hayo, mufunge siku hata 21.

Na jamaa ya marehemu, musiisahau. Mara nyingi kanisa linajaza gari kwenda gerezani, halafu nyumba ya mama aliyezika mutoto inabaki kimya. Muende kwake vilevile. Musimulazimishe kusamehe siku ya kilio. Musimuambie kwamba rufani ni matusi kwa mutoto wake. Mumuambie ukweli: korti ya pili ikiangalia vizuri, hata damu ya mutoto wake inaheshimiwa, kwa sababu mutu asiye na hatia akifungwa, muuaji wa kweli anatembea sokoni. Yule mama aliyenijia wiki iliyopita nilimuambia hivyo. Alinyamaza muda murefu. Kisha akasema: "Baba, mimi sitaki mutu. Mimi ninataka kujua." Ninafikiri hakuna avoka aliyesema juu ya rufani neno zuri kuliko lile.

RUFANI YA MBELE YA DAMU

Sasa ninarudi Tekoa, nimalize. Mwanamuke yule alisema neno moja ambalo tunalipita mbio: watoto wake walipopigana, hapakuwa mutu wa kuwaamua. Hapakuwa mutu katikati.

Muchungaji mwenzangu, mama kiongozi, muzee wa kartie, ni mara ngapi mwanamuke alikuja kwetu usiku, jicho limevimba, mutoto mugongoni, nasi tukamuambia: "Mama, rudi, vumilia, funga na kuomba, mwanaume ni kichwa"? Ni mara ngapi baba alikuja kwa haya kubwa kusema anapigwa ao anatishwa kisu nyumbani, nasi tukacheka? Ni mara ngapi tulisikia kelele nyuma ya ukuta wa parseli, tukaongeza sauti ya redio? Pengine redio hii.

Mutu anayegonga mulango wa kanisa usiku na damu kwenye midomo anakata rufani. Ile ndiyo rufani ya kwanza, ile ya mbele ya kifo. Haina grefe wala muhuri, na wakati mwingine haina hata siku kumi. Inaweza kuwa na saa kumi tu. Tukimurudisha ndani pasipo kwenda naye, pasipo kumulaza kwa mama mumoja wa kanisa, pasipo kumuita mume na kusema naye usoni, pasipo kwenda polisi kama kisu kimekwisha kuonekana, basi kesho tutakutana pa kilio, tuimbe nyimbo nzuri, na tujiulize shetani aliingia wapi. Aliingia pale ambapo mutu wa katikati hakuwa.

Baba unayenisikiliza, unayepiga: acha leo. Usingoje mukutano wa injili. Muite muchungaji wako leo, umuambie, "Nisaidie, mukono wangu utaua mutu." Hakuna haya katika neno hilo. Haya iko katika lile ambalo utasema mbele ya muhukumu.

Mama unayepigwa: imani haikuamuru ufe. Paulo alipojua kwamba watu wanamuwekea mutego njiani, alimutuma kijana wa dada yake kwa mukubwa wa askari, akapata ulinzi. Wewe na watoto wako munaweza kufanya vilevile.

Na wewe uliye Buluo, ao gereza lolote, uliyefanya lile jambo, unajua mwenyewe usiku. Una haki ya rufani, uitumie, na uitumie kwa ukweli. Lakini kuna Muhukumu ambaye hahitaji mashahidi wawili. Mbele yake tunaye Mutetezi, Yesu Kristo mwenye haki. Mutetezi huyu hafichi kosa la mutu wake. Analitaja kwa jina, kisha anaonyesha mikono yake mwenyewe. Kwa korti hii mulango uko wazi muda mutu angali na pumzi. Kisha kifo, hakuna grefe.

Tuombe.

Baba wa mbinguni, tunakuletea nyumba za Kamatanda, za Kikula, za Panda na za Likasi yote. Utusamehe sisi wachungaji tuliowarudisha watu ndani ya moto na kuita kitendo kile uvumilivu. Utusamehe sisi tulioacha siku kumi zipite. Uwape wahukumu masikio ya kusikiliza maskini na tajiri kwa namna moja. Uwape mashahidi ujasiri wa kusema walichoona, na kunyamaza juu ya kile wasichoona. Uwafariji mama waliozika watoto wao. Uwalinde watoto walioachwa pande zote mbili, wale wa marehemu na wale wa mufungwa, maana mara nyingi ni watoto walewale. Na pale ambapo usiku huu watu wawili watasimama shambani kupigana, utume mutu wa katikati. Ututume sisi. Katika jina la Yesu, amina.